Godoro la Mabehewa Tisa

Neno lililetwa na muuza mkaa. Kila Jumatatu mama huyu hushusha gunia lake kwenye mlango wa nyuma wa kwa dobi na kwenda zake, lakini siku hiyo alivuta ndoo tupu, akaigeuza, akaikalia.

"Mwenzangu," akasema, "shangazi yako ametuacha."

Mama kijana aliyekuwa akipiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni aliganda, pasi ikabaki juu ya shuka. "Amefariki?"

"Hapana, mzima kama mimi. Anakula, anafagia. Nasema akili ndiyo imetuacha." Akaisogeza ndoo karibu zaidi. "Lile godoro lake refu unalijua. Mchana analishona, asubuhi analifumua. Analishona tena, analifumua tena. Wiki ya tatu hii. Sufi imetapakaa uani utadhani wamenyonyolewa kuku mia. Na hilo si kitu. Anaongea na watoto."

"Watoto gani?"

"Ndiyo nami najiuliza. Niko upande wangu wa ukuta napanga magunia, namsikia: 'Wewe sogea. Wewe miguu hiyo. Kisima, lala vizuri.' Nachungulia, hakuna hata paka. Sasa mimi si mtu wa maneno..."

"Wewe tena," akasema dobi mwenyewe kutoka kwenye beseni lake la wanga, na waliokuwa wakikunja nguo wakacheka. Wa pasi hakucheka.

"Si mtu wa maneno," muuza mkaa akarudia, "lakini mtu akianza kuwaita watoto ambao hajawazaa, nduguze waambiwe mapema. Mle ndani kuna jiko la moto. Na ukuta ule ni wangu pia."

Mama kijana aliiweka pasi kwenye kigae chake, akalipapasa shuka pale lilipokuwa limeanza kuwa la manjano. Watoto wale aliwajua wote, tisa kwa idadi yao, na mmoja wao alikuwa yeye.

Shangazi alikuwa fundi magodoro. Siku hizi watu wananunua ya sponji, yamefungwa kwenye nailoni, lakini zamani mtu akioa, akipanga chumba, au akipata mtoto, alipita kwanza kwa Shangazi. Alikuwa na sindano ndefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, na fito mbili za kupigia sufi. Sufi hujilaza ikilaliwa, inakuwa bapa kama chapati, na dawa yake ni kuitoa, kuianika juani, kuipiga mpaka ivimbe, kisha kuirudisha ndani na kushona. Kazi hiyo aliifanya tangu hajaota mvi. Hakujaliwa mtoto. Ila alikuwa na ndugu wanne wa kiume, wote wenye watoto na wote wenye vyumba vidogo, na shule zilipofungwa kwa likizo kubwa walimletea watoto wao kama watu wanavyoleta magodoro kufanyiwa kazi: wakiwa wamechakaa, na warudishwe wamenona.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja alilala yeye. Kingine kilikuwa cha kazi, na likizo ikifika aliyasimamisha magodoro ya wateja ukutani, akatandika chini godoro moja tu, refu kutoka ukuta wa ndani mpaka mlangoni. Alilishona kwa mabaki ya vitambaa vya mistari, bluu hapa, kahawia pale, kwa hiyo kila mtoto alipajua pake kwa macho. Walilala kwa mkingamo, vichwa ukutani, miguu uwazini, tisa mstari mmoja. Wakaliita treni, na kila sehemu wakaiita behewa.

Mafundi wenzake walimcheka kwa treni ile, maana ilikuwa na kuta ndani. Kila behewa lilikuwa limezibwa peke yake pande zote, na lina mdomo wake uliofungwa kwa uzi wa rangi yake. "Godoro gani lina vyumba?" walimuuliza. Shangazi alijibu, "Mtoto mzito akilala, sufi ya mwenzake isimkimbilie." Jibu lilitosha. Lilikuwa hata na ukweli kidogo ndani yake.

Ukweli wenyewe ulikuwa kwa mtoto wa mlangoni. Likizo ya kwanza godoro halikuwa na kuta. Mtoto huyo alikuwa na miaka sita, mdogo kuliko wote, na asubuhi ya pili aliamka amelowa, na ule unyevu ulikuwa umeshaanza safari ya kwenda kwa jirani yake. Alilala vilevile, macho ameyafumba, akiomba siku isianze. Shangazi aliingia, akasimama, akavuta pumzi mara moja kwa pua. Kisha akawaamsha wengine wote kwa kelele kwamba panya ameonekana, watoke nje haraka, waende bombani wakalete maji, kila mtu na chombo chake. Mtoto wa mlangoni alimwinua mwisho, akamvisha gauni kavu, akamwambia, "Wewe utakuwa bawabu wangu. Kazi yako ni kufungua mlango asubuhi, mimi nikishaingia. Sawa?"

Wiki ile ile alikaa na sindano yake, akazishona zile kuta.

Tangu hapo kila asubuhi, watoto wakiwa bombani, Shangazi alifumua midomo ya mabehewa mawili, akaanika sufi yake kwenye mikeka miwili uani. Mawili daima. La Bawabu, na la mwingine. "Leo zamu ya la mlangoni na la sita," alisema wakirudi. Kesho yake la mlangoni na la tatu. "Mbona la mlangoni kila siku?" aliuliza mmoja, naye akajibu bila kuinua uso, "Mlangoni kuna vumbi." Wakaridhika. Kila mtoto alishika ufito akapiga sufi, nyeupe ikapaa, ikakaa kwenye nywele na kope, wakawa wazee tisa wenye mvi wakikimbizana uani. Bawabu akipitisha pasi kwenye shuka leo, mvuke ukampiga usoni, harufu inayomjia ni ile ya sufi iliyokauka juani, na sauti ya fito.

Ila watoto wana akili zao. Waliona mikeka miwili, na mmoja umeshaelezwa kwamba ni vumbi. Basi huu mwingine? Kaka yao mkubwa, mwana wa kwanza wa ndugu wa kwanza, alikuwa mnene, na sufi yake ililala haraka kuliko ya wengine, hivyo zamu yake ilirudi mara nyingi. Wakajumlisha. Kufikia likizo ya pili walishampa jina la Kisima. "Kisima, leo umejaa?" "Kisima, usinisogelee, sijui kuogelea." Alikuwa na miaka kumi na moja. Alicheka nao mwanzoni, baadaye akawa anatabasamu tu.

Bawabu naye alicheka. Alicheka kuliko wote.

Alipofika miaka kumi na miwili Kisima akasema amekua, likizo atabaki nyumbani. Hakuja tena. Jina lakini lilibaki. Mpaka kwenye harusi yake kuna aliyelitaja, akiwa na kipaza sauti mkononi. Sasa ni msimamizi wa ghala kwenye mji mwingine, na kwa kuwa baba zao wamekwisha, mambo ya ukoo humwishia yeye. Si mtu mbaya. Paa la Shangazi likivuja ndiye anayeleta bati.

Habari za muuza mkaa zilikuwa zimeshamfikia. Alimpigia Bawabu simu Jumanne.

"Nenda ukamtazame, wewe uko karibu," akasema. "Kama ni kweli, Jumamosi naja na gari. Nyumba tunafunga, anakuja kukaa kwangu. Chumba cha nyuma kipo, mke wangu ameshakifagia."

"Hatakubali, kaka."

"Hatutamuuliza. Nisije nikaitwa kuambiwa ameungua na nyumba. Nitazamie, halafu nipigie. Utakachosema ndicho nitakachofanya."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomnyima raha. Jumatano aliomba ruhusa kwa dobi, akamshika binti yake mkono, wakaenda.

Mlango wa Shangazi ulikuwa wazi. Kizingiti kilikuwa kimelika katikati kwa miguu ya watu, kimefanya kishimo ambamo Bawabu alikuwa akikaa zamani kusubiri wenzake watoke bombani.

"Hodi."

"Karibu. Nani?"

Shangazi alikuwa ameketi hatua tano tu kutoka hapo, ameelekea mlangoni, na jua lilikuwa likimwangaza mgeni usoni.

"Mimi, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Bawabu." Uso ulifunguka. "Sauti imekuwa ya mama mtu, nilidhani ni yule wa kuleta maji. Na huyo mwenye ndala kubwa kuliko miguu ni nani?"

Binti akacheka, akazitazama ndala zake, ambazo kweli zilikuwa za mama yake. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Njoo nikushike kichwa nijue umefika wapi."

Godoro lilikuwa chini pale pale pa siku zote, kutoka ukuta wa ndani mpaka mlangoni, kitambaa chake kimefifia mpaka bluu na kahawia vimekaribia kuwa rangi moja. Mabehewa manne yalikuwa yamejazwa na kufungwa. Matano yalikuwa matupu, yamelala kama mifuko ya suruali iliyotolewa nje. Chumba kilikuwa safi. Bawabu alitazama kwa macho ya mtu ambaye kazi yake ni kuona doa kabla mwenye shuka hajaliona, na hakuona takataka, hakuona vyombo vichafu wala nguo iliyovaliwa kinyume. Aliona tu kwamba kila kitu kilikuwa kimesukumwa ukutani, na njia ya kutoka kwenye kiti kwenda jikoni ilikuwa tupu na nyoofu. Aliona pia makopo ya jikoni: la chumvi limefungwa kamba shingoni, la sukari halina.

Shangazi alikwenda kupika chai. Alimimina kikombe huku ncha ya kidole chake ikiwa imeinama ndani ya ukingo, na maji ya moto yalipogusa kidole, akaacha kumimina. Alifanya hivyo haraka na kwa ustadi, kama mtu aliyefanya mara nyingi.

Wakati huo binti alikuwa amekiona kigoda kando ya ukuta. Akakikokota mpaka katikati ya chumba, akakikalia, akakichoka, akaenda kwenye rundo la sufi uani. Shangazi alirudi na vikombe viwili. Bawabu alikiona kigoda, akafungua mdomo, akachelewa. Muundi wa Shangazi ulikigonga, kikombe kimoja kikaanguka, chai ikatambaa sakafuni kuelekea kwenye godoro.

Shangazi hakulalamika. Alisimama tu pale pale, kile kikombe kingine amekikumbatia kwa mikono miwili, akingoja aambiwe ni nini.

"Kigoda," Bawabu akasema taratibu. "Mtoto amekisogeza. Simama hapo, nafuta."

Alifuta. Alirudisha kigoda ukutani. Kisha akapiga magoti karibu na behewa la mlangoni, la kwake, akapitisha kidole kwenye mshono mpya. Ulikuwa umenyooka vizuri sana. Ila uzi ulikuwa mwekundu.

"Shangazi, hili la mlangoni umelifunga kwa nyekundu."

"Nyekundu?"

"Nyekundu ya Kisima. Mimi nilikuwa manjano."

Shangazi akakaa kwenye kiti chake. Kutoka upande wa pili wa ukuta ilisikika koleo ya muuza mkaa ikikwangua saruji, kisha ikanyamaza.

"Basi fumua," akasema. "Jana nilimwuliza mama wa maji kwa ujanja, 'Uzi huu umependeza?' Akaniambia, 'Kijani kimependeza sana.' Nikafumua. Leo nilikuwa na hakika."

"Tangu lini?"

"Jicho la kulia lilikwenda mwaka juzi. Hili la kushoto linanipa mwanga wa mlango, na mtu akipita ni kama nguo inayopita kwenye kamba."

"Hospitali?"

"Nilikwenda. Daktari kijana, mpole, akaniwashia taa machoni. Akaniambia, 'Mama, ningetamani ningekuona mapema.' Nikamwambia, 'Hata mimi ningetamani nikuone.'"

Bawabu alicheka bila kutaka.

"Ndiyo nafumua," Shangazi akaendelea. "Nashona, asubuhi napapasa, nakuta mshono umekwenda kama konokono, nafumua. Mkono umeshajifunza sasa. Kinachonishinda ni tundu la sindano. Natunga kwa ulimi, asubuhi nzima inaishia kwenye tundu moja. Na rangi zinanishinda."

"Na watoto unaoongea nao?"

"Nani kakwambia?" Akageuza uso kuelekea ukutani, akaongeza sauti kidogo. "Jirani yangu asiyekuwa mtu wa maneno?" Koleo ikaanza kukwangua upya, kwa bidii. Shangazi akashusha sauti. "Sioni niko behewa la ngapi. Basi nawataja mlivyolala, mmoja mmoja, mpaka nifike. Ukiwataja unakumbuka na ubaya wa kila mmoja. Yule wa tano na miguu yake. Ndiyo maana nawagombeza."

Uani binti alikuwa ameokota ufito, anaipiga sufi kwa nguvu zake zote, nywele zimeshakuwa nyeupe. Shangazi alisikiliza.

"Anapiga kama wewe," akasema. "Usingizini vipi?"

Bawabu alijua anachoulizwa. "Kama mama yake."

"Unafanyaje?"

"Kila asubuhi natoa magodoro mawili nje. Lake na langu."

Shangazi alitikisa kichwa polepole. "Afadhali wewe. Umetoa la kwako. Hukutoa la mtu mwingine."

"Unasemaje, Shangazi?"

"Nilisikia wakimwita Kisima. Unafikiri sikusikia? Nilisema ni utani wa watoto, utakwisha likizo ikiisha. Ningewaambia si yeye, wangeuliza basi ni nani, na waliobaki wote walikuwa wanaringia ukavu wao. Wewe ulikuwa mdogo na umefiwa na mama. Nikachagua. Nilimfunika mtoto mmoja kwa kumfunua mwingine." Alikuwa akiipapasa sindano yake ndefu mapajani. "Likizo aliyoacha kuja, behewa lake nililipiga sufi vilevile, kila baada ya siku tatu. Hakuna aliyelilalia."

Bawabu hakuwa amejua kwamba kuna mtu mwingine anayeubeba mzigo ule. Miaka yote alidhani ni wake peke yake.

"Kaka anangoja simu yangu," akasema hatimaye. "Jumamosi anakuja na gari akuhamishie kwake. Amesema nitakachosema ndicho atakachofanya. Nikimwambia u mzima, ni maneno ya jirani tu, yataisha."

"Usinidanganyie."

"Wewe ulinidanganyia likizo nne."

"Ulikuwa mtoto. Mimi si mtoto, na kile kigoda nitakigonga tena." Akaigeuza sindano mapajani. "Sikatai kuhama, Bawabu. Siku itafika hili la kushoto nalo litazima, nitahama. Lakini shule zinafungwa Ijumaa. Mmezaa, wote mmezaa, na hakuna mtoto wenu hata mmoja aliyewahi kulala hapa. Kila mmoja anamjua mwenzake kwa picha ya kwenye simu. Nataka likizo moja. Nikihama kabla, nitakwenda kukaa chumba cha nyuma kama sanduku. Nikihama baada ya hiyo, nitakuwa na cha kukaa nacho."

Bawabu alitoka uani na simu yake. Alisimama kwenye kona ambako zamani mikeka miwili ilikuwa ikitandikwa.

"Enhe, yukoje?" kaka akauliza. Nyuma yake kulikuwa na sauti ya maboksi yakibwagwa.

"Akili yake ni nzima kuliko yetu. Haoni."

"Haoni kabisa?"

"Mwanga wa mlango tu."

Kaka akavuta pumzi. "Basi ni kama nilivyosema. Jumamosi nipo hapo na gari."

"Kaka, kuna neno jingine."

"Sema haraka, niko kazini."

"Zile likizo." Alijikuta amekishika kitambaa cha kichwani kwa mkono wa pili, kama mtoto. "Aliyekuwa analowesha ni mimi. Sufi yako ilianikwa ili yangu isionekane. Wewe hukulowesha hata siku moja."

Maboksi yaliendelea kubwagwa. Kisha ikasikika kama ameenda mahali na kufunga mlango, na palikuwa kimya.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi. Na nilicheka pamoja nao."

"Mimi niliamini ni mimi." Sauti yake ilikuwa imeshuka, haikuwa ya msimamizi tena. "Nilikuwa naamka mkavu, halafu nakuta sufi yangu mkekani. Nikasema labda Shangazi ananibadilisha nikiwa usingizini, ananificha. Nikaanza kuacha maji jioni. Jua likishaelekea kushuka, sinywi kitu. Mpaka leo sinywi, unajua hilo? Mke wangu anadhani ni dini."

"Nisamehe, kaka."

Hakusema amesamehe. Bawabu alihesabu mapigo ya ufito wa binti yake: moja, mbili, saba, kumi. "Mpe Shangazi simu," akasema.

Shangazi aliishika simu kwa mikono miwili, akaibana sikioni. Alisikiliza muda mrefu. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo, baba." Kisha, "Nilijua, na sikusema. Kosa ni langu, si la mtoto." Akasikiliza tena, midomo ikicheza. "Lipo. Liko pale pale, la sita, kitambaa cha kahawia. Hakuna aliyelilalia." Alipoirudisha simu ilikuwa imelowa upande wa shavu.

"Amesemaje?"

"Jumamosi anakuja na gari."

Mabega ya Bawabu yalishuka.

"Anasema atalijaza watoto kwanza," Shangazi akaendelea. "Wa kwake, na atapitia wa wengine njiani. Ya kuhama tutaongea likizo ikiisha, na tutaongea nikiwepo. Ameuliza kama kuna maji ya kunywa ya kutosha." Akajipangusa kwa kiganja. "Nimemwambia bomba bado linatoka."

Akanyoosha mkono chini ya kiti, akavuta boksi la viatu, akalisukuma kuelekea kwenye sauti ya Bawabu. Ndani kulikuwa na vibiringo vya uzi vya rangi zote vimechanganyika, na sindano zimefungwa kwenye kipande cha flana. Bawabu aliinua moja kuelekea mwanga wa mlango. Tundu lilikuwa dogo mno, na ncha ya uzi uliokuwa umebaki ndani yake ilikuwa imetafunwa mpaka imekuwa brashi.

"Tuna leo, kesho na keshokutwa," Shangazi akasema. "Kushona nitashona mwenyewe, mkono wangu usiuguse. Nisomeke kwa mshono wangu mpaka mwisho. Ila nikuombe kitu kimoja."

"Niombe, Shangazi."

"Nitungie sindano tisa, kila moja na uzi wa mwenyewe. Uzichomeke kwenye pazia la dirisha kwa mpangilio wenu wa kulala, nizipapase moja moja bila kumwuliza mtu. Anzia mlangoni."